Friji Katika Chumba cha Mzazi

Watu wa ofisi ya afya walikuja kiangazi, wakatazama huku na huku, wakasema hapa hakuna watu. Walisema hivyo mbele yangu, nami nimesimama pale na koti langu jeupe nikipumua kama binadamu mwingine yeyote. Nyuma yangu alikuwa ameketi kikongwe mmoja aliyekuwa akisubiri dawa ya macho. Alinivuta upindo wa dera akaniuliza kwa Kisomali wageni wanasemaje. Nikamwambia wanakusalimia.

Mimi ni muuguzi. Nimezaliwa Garissa mjini, upande wa soko la mifugo, na Kiswahili changu nimekipata humo sokoni na shuleni, kwani nyumbani kwetu ni Kisomali tu. Haya nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyoitumia kugombana na ofisi, na sitaki yapoe. Zahanati yangu iko mbele ya Sangailu, ukifuata njia ya mchanga hadi pale madereva wanapoanza kuuliza kama kweli njia ipo. Ni nyumba ya mabati yenye vyumba viwili, tangi la maji kando yake na paneli za sola juu ya paa. Chumba cha mbele ndimo ninamotibia. Chumba cha nyuma kina kivuli kizuri zaidi, kwa hiyo wanawake hujifungulia humo, na humo ndimo ilimo friji.

Friji hiyo si ya soda. Inatunza chanjo za watoto, na inatunza sindano ya kuzuia damu kwa mwanamke aliyejifungua. Sindano hiyo ikikaa katika joto letu inaharibika. Unaweza kumdunga mama, na yeye akaendelea kumwagika damu kana kwamba umemdunga maji. Kabla friji haijaletwa, nilikuwa natembea na sindano hizo kwenye kasha la barafu kutoka mjini, na barafu ikiyeyuka, kazi yangu ilikuwa kushika mikono ya watu na kuwaambia wawe na subira. Nilichukia neno subira miaka ile.

Sasa, watu wa hapa ni wafugaji wa ng'ombe. Mvua ikinyesha mabwawa hujaa, wao hurudi, na herio husimamishwa. Herio ni zile nyumba za fito na mikeka ambazo mwanamke huzijenga na kuzibomoa mwenyewe, kwa sababu ni mali yake. Ukame ukianza, wanaume huswaga ng'ombe kuelekea delta ya Mto Tana au pembezoni mwa msitu wa Boni, na jamaa nyingi hufunga virago na kuwafuata. Wanaobaki ni wazee, wagonjwa, mbuzi wachache, na wanawake ambao mimba zao haziwezi tena kutembea mwendo ule. Jambo hili halina siri. Wenye ngamia wa Habaswein wanalijua, wale wa Elwak mpakani wanalijua, hata mtoto wa chekechea atakueleza. Lakini gari la ofisi hupata njia pale tu barabara inapokauka, na barabara ikikauka watu wamekwishakwenda. Kwa hiyo kila ripoti inayoandikwa kutuhusu huandikwa na mtu aliyekuja wakati hatupo.

Ofisa aliyetumwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye viatu vilivyong'aa hadi vikamkera mwenyewe kila alipokanyaga samadi. Alinieleza kwamba kituo kimoja cha barabara kuu kimeharibikiwa na friji yake, na kwamba huko wateja ni wengi, ilhali hapa ameona herio chache na punda mmoja. Uamuzi ulikuwa kuihamisha friji yangu iende huko. Fundi angekuja ndani ya wiki hiyo kuing'oa. Nilimsikiliza hadi mwisho, maana nimelelewa. Kisha nikamwambia kwamba kama friji yao imekufa, waizike wanunue nyingine.

Akacheka, akidhani natania. Alisema kwa upole kwamba kwenye semina zao maeneo kama haya yanaitwa maeneo magumu kufikiwa, na kwamba vifaa vichache vilivyopo lazima vikae mahali panapofikika. Damu ilinipanda kichwani. Nilimuuliza ugumu ulikuwa wapi, na yeye hapo alikuwa amefika, tena kwa gari lenye kiyoyozi. Aliandika kitu, akanywa maji, akaondoka.

Aliyeihitaji friji ile kuliko sisi sote alikuwa amesimama nje ya dirisha akisikiliza. Alikuwa na mimba ya mwezi wa tisa. Kiswahili alikijua cha duka tu, lakini neno friji lilimtosha. Uzazi wake uliotangulia, kabla friji haijaja, alijifungulia kwenye herio na damu ikakataa kusimama. Walimpakia kwenye pikapu ya mwenye duka na kumkimbiza hospitali, na walipoondoka naye mama yake alikuwa tayari ameanza kuulizia ni nani mwenye kitambaa cheupe cha sanda. Hakufa. Lakini kwa muda mrefu hakuweza kuinua mtungi wa maji, na macho yake yalibaki na rangi ya jivu ambayo nilikuwa nimeizoea sana kwa wanawake wa hapa. Mwanamke aliyevuja damu namna hiyo mara moja anaweza kuvuja tena. Nilikuwa nimemwambia hivyo mwenyewe, bila kumficha.

Ndiyo maana alibaki. Mumewe alipokusanya ng'ombe zake kwenda delta, yeye alikataa kubomoa nyumba. Ulikuwa ugomvi mkubwa, maana huku mke anayebaki nyuma na nyumba yake huzungumzwa vibaya kwenye kila kisima. Alinisimulia baadaye jinsi alivyoyakata yale maneno. Alimwambia mumewe kwamba ng'ombe zake wanafuata majani, na yeye anafuata sindano, na kila mmoja aende anakopata uhai. Mumewe aliondoka amenuna. Kwa hiyo mwanamke huyu alikuwa ameweka ndoa yake rehani kwa ajili ya kisanduku cheupe kilichokuwa chumbani kwangu, na sasa walikuwa wanakuja kukichukua kabla hajajifungua.

Mtandao wa simu hapa unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, nyuma ya tangi. Nilipanda juu yake nikampigia bosi wetu wa ofisini. Nilimwomba angoje hadi mama huyu ajifungue. Aliniambia nimpeleke akangojee uchungu hospitali. Nikamuuliza atalala kwa nani huko, nani atamlisha, na watoto wake wengine nimwachie nani, yule punda? Akasema tusiingize mambo ya familia katika mipango ya huduma. Nikamwambia kuzaa ni jambo la familia tangu zamani. Mwishowe akasema amri imetoka juu. Nikashuka kwenye kichuguu nikiwa nimevimba kwa hasira.

Niseme pia kwamba niliogopa. Wadogo zangu wanasoma kwa mshahara wangu, na baba yangu hanunui dawa ya sukari bila mimi. Kumwaga unga kwa ajili ya friji si jambo la kujivunia nyumbani kwetu. Nilifikiria kuifungia friji kwa kufuli na kusema ufunguo umepotea. Nilifikiria pia kumwombea mama yule uchungu uanze mapema, na nikaomba hivyo kweli, nikiwa nimekaa juu ya mkeka baada ya swala, nikiona haya kumharakisha Mwenyezi Mungu.

Uchungu ulimshika asubuhi ya siku ileile ambayo gari lilitarajiwa. Alikuja kwa miguu, akiegemea bega la mama yake mzazi, na kila uchungu ulipoachia aliwagombeza mbuzi waliokuwa wakila ua wangu. Mama yake ni mkunga wa jadi. Mimi humwita habaryar, yaani mama mdogo, ingawa hatuna udugu, kwa sababu tumefanya kazi pamoja kwenye chumba kile hadi tumezoeana kama ndugu. Yeye hushika mgongo na kusoma dua, mimi hushika yaliyobaki. Tulianza kazi.

Mtoto alitoka haraka, wa kike, na sauti yake ilikuwa nzima. Nilimdunga mama sindano mara tu mtoto alipotoka, kama tunavyofanya kwa kila mama. Kondo la nyuma lilitoka lote. Kisha damu ikaja, na ikaja jinsi ilivyokuja ile mara ya kwanza. Habaryar aliacha kusoma dua katikati ya neno. Nilifungua friji, nikatoa sindano nyingine, nikaiweka kwenye maji ya mshipa, na mkono wangu mmoja ukabaki tumboni mwa yule mama nikimkanda kizazi. Kilikuwa laini chini ya kiganja changu. Niliendelea kukanda na kuongea naye, nikimuuliza majina ya ng'ombe wa mumewe mmoja mmoja ili asinizimikie. Alianza kuyataja. Alipofika kwa fahali mmoja ambaye hampendi alimtukana, na hapo hapo nikasikia kizazi kimekaza, kimekuwa kigumu kama ngumi. Damu ikapungua, kisha ikakoma.

Nilikaa sakafuni nikalia. Habaryar alinipiga kofi dogo la mgongoni akaniambia nisimwage machozi karibu na mtoto. Nilikuwa na furaha, na ndani ya ile furaha kulikuwa na hasira nyingi sana, kwa sababu nilijua kwamba kama gari lingekuja jana yake, mtu huyu aliyekuwa akimtukana fahali angekuwa maiti.

Gari lilifika wakati wa alasiri. Walikuwamo yule ofisa, dereva wa kutoka Garissa, na fundi ambaye asili yake ni Wajir. Dereva alishusha kamba na godoro kuukuu la kufungia friji isigongeke njiani. Niliwaambia nina mzazi ndani, damu imemtoka nyingi, na hawezi kusumbuliwa. Ofisa alinipongeza kwa kazi nzuri, kisha akasema basi tumhamishie chumba cha mbele kwa machela, wao wachukue friji yao, kisha arudishwe. Kwake lilikuwa jambo dogo. Aliniuliza hata kama nahitaji msaada wa kubeba.

Niliingia ndani. Yule mama aliuliza kwa sauti ndogo ni gari la nani. Nikamwambia. Alimtazama mtoto wake, akaitazama friji, akaniita abaayo, yaani dada, na kusema maneno ambayo mpaka leo yakinijia nacheka peke yangu.

"Abaayo, mimi nimeshaanza arobaini yangu. Nimeianzia hapa, na nitaimalizia hapa."

Kwanza sikumwelewa. Mama yake ndiye aliyeelewa. Alisimama, akavua leso yake ya mabegani, akaitundika mlangoni. Kisha akatoa chetezo kwenye kikapu chake, akaweka kaa, akatupia ubani na manemane, akaketi kizingitini na kunyoosha miguu.

Kwa asiyejua nimweleze. Kwetu mwanamke akizaa hukaa ndani siku arobaini. Anafukizwa, analishwa supu na samli, habebi kitu, hatoki. Wanaamini kaburi lake liko wazi muda wote huo, na kwa jinsi nilivyoona kazi yangu, siwezi kuwabishia. Chumba alichoanzia ndicho anachomalizia, na mwanamume asiye wake haingii humo, hata awe mkubwa namna gani. Kawaida chumba hicho ni herio yake mwenyewe. Hakuna aliyewahi kukaa arobaini katika zahanati ya serikali. Lakini pia hakuna aliyewahi kusema kwamba haifai, na habaryar hakuwa na nia ya kungoja mtu aseme.

Nikatoka nikawaambia. Fundi wa Wajir alikuwa ameshashika bisibisi na spana. Alisikia harufu ya ubani, akaiona leso mlangoni, akarudi nyuma hadi kwenye gari akaviweka vifaa chini. Alimwambia ofisa kwamba ameajiriwa kung'oa mitambo, si kumwingilia mzazi katika arobaini yake, na kwamba hata mamake mwenyewe akisikia atamlaani. Dereva alianza kukunja kamba.

Ofisa alijitahidi. Alisema ataingia yeye, yeye si wa dini yetu wala kabila letu, na atafumba macho. Alipiga hatua kuelekea mlangoni. Habaryar, ambaye Kiswahili chake ni cha kuuza maziwa, alimwinulia uso bila kunyanyuka.

"Hii chumba iko na mzazi. Mwanaume habita. Kama wewe nataka bita, bita juu yangu."

Ofisa akageuka akamwambia fundi akate basi waya zinazotoka kwenye sola, mengine watayajua baadaye. Hapo nilimsogelea hadi nikaona jasho juu ya mdomo wake. Nilimwambia akikata waya zile, chanjo zote zilizo ndani zitaharibika, na mimi nitasimama katika kila kikao, kuanzia cha wazee hadi cha wakubwa zake, nikimtaja kuwa ndiye aliyeharibu dawa za watoto. Sikupandisha sauti. Aliuliza kama kuna chai.

Chai ilikuwepo, na anjera, ile chapati yetu laini, maana adabu ni adabu. Walikunywa chini ya kivuli cha tangi. Kisha wakaondoka na godoro lao tupu.

Nilijua hayajaisha. Bosi alinipigia akaniita ofisini, na nikaenda, siku nzima njiani nikimeza vumbi na kujipangia maneno. Aliniambia kwamba kwa kanuni mama akijifungua salama anaruhusiwa kwenda nyumbani siku inayofuata. Nikamwambia naijua kanuni, na nimeshamruhusu, ila yeye hajataka kwenda. Alisema nimepanga njama na wanawake wa kijiji. Nikamjibu kwamba sikupanga, na laiti ningekuwa na akili hiyo ningeitumia zamani, wakati waliponinyima dawa za malaria. Alinichimba kwa macho. Akanitisha uhamisho. Nikamuuliza uhamisho wa kwenda wapi, maana mtu akitolewa nilipo na kupelekwa mbali zaidi atakuwa amevuka mpaka.

Ndipo aliponiambia jambo moja lililonichoma kweli. Alisema kwamba kule kwenye kituo cha barabara kuu pia kuna watoto, na kwa ukaidi wangu wanakosa chanjo. Nililifikiria neno hilo njia nzima ya kurudi na bado nalifikiria. Watoto wa barabara kuu ni watoto, sina la kusema juu ya hilo. Lakini huko magari hupita kutwa, na kasha la barafu linaweza kufika asubuhi na kurudi jioni likiwa bado baridi. Kwangu haliwezi. Na kuna jambo jingine. Siku nitakapokubali kukaa chini na kuchagua mtoto yupi apate na yupi akose, nitakuwa nimekubali kwamba duniani pana friji moja tu. Sikubali. Nimeona majengo wanayojenga mjini, nimeona magari wanayoendesha. Friji zipo.

Arobaini ikaendelea. Kuishi na mzazi katika chumba cha friji si mchezo. Kila siku nilipigana na moshi. Nilihamisha chetezo kando ya dirisha, habaryar akakirudisha kando ya kitanda, nikakihamisha tena. Aliyekuja kujifungua alijifungulia nyuma ya pazia nililotundika katikati, na yule mama upande wa pili akamhimiza kwa matusi ya mapenzi. Wageni wake, wanawake wachache waliobaki kijijini, waliketi wakiegemea friji, wakila nyirinyiri, nyama yetu ya kukausha na kukaanga, na kupasha umbea, na nikawakataza kuifungua hata waliposema maji ya kunywa yangekuwa matamu yakikaa humo. Yeye mwenyewe aligeuka mlinzi. Friji ikitoa mlio usio wa kawaida aliniita hata nikiwa chooni. Rangi ilianza kumrudi usoni. Mtoto akanenepa.

Mvua ikaja. Huku ikinyesha ardhi yetu nyeusi hushika gurudumu na haliachi, na hakuna gari la ofisi lililothubutu kutia guu. Lakini watu wakarudi. Niliwasikia kabla ya kuwaona, ng'ombe wakilia, wanawake wakiwaita punda. Herio zikachipuka kila upande. Watoto ambao sikuwa nimewaona tangu kiangazi kianze walikuja wamerefuka, na kwa siku nyingi mfululizo nilichanja kuanzia asubuhi hadi mkono ukafa ganzi. Nilipanda kwenye kichuguu nikamtumia bosi picha za foleni iliyozunguka jengo. Akanijibu kwamba picha si ripoti. Nikamwandikia aje basi aandike ripoti. Hakuja, barabara ilikuwa matope. Nilicheka, lakini kilikuwa kicheko kichungu, kwa sababu kwa mara nyingine watu walikuwepo na anayetakiwa kuwaona hakuwepo.

Mume wa yule mama naye alirudi. Hakuingia moja kwa moja. Alisimama nje ya dirisha akiwa na fimbo yake mabegani, na mkewe akainua mtoto amwone. Hakuomba radhi, wanaume wetu hawaombi hivyo. Alimchinjia beberu mnono, akaniletea mimi paja zima, akasema tu kwamba amesikia. Nililipokea.

Siku ya arobaini ni sherehe. Mama hutolewa nje, hupakwa hina, huvaa upya, na hutembezwa na mtoto wake katika nyumba za jamaa. Ofisini nao walikuwa wamehesabu, kumbe. Jua lilikuwa limekausha njia siku chache, na asubuhi hiyo gari likafika limejaa matope hadi kwenye vioo. Ofisa alishuka na kamba mwenyewe, uso wake mkunjufu, wa mtu ambaye ametii mila ya watu na sasa zamu yake imefika. Kwa haki, alikuwa amengoja kwa adabu. Yule mama alitoka akiwa amejifunika shashi mpya ya kichwani, mtoto kifuani. Alipita mbele yake, akamsalimia kwa amani, akaenda zake akisindikizwa na vigelegele.

Ofisa akaelekea mlangoni. Leso ilikuwa bado imening'inia, naye akadhani imesahaulika, akanyoosha mkono aisogeze. Habaryar alikuwa palepale kizingitini, na chetezo chake kilikuwa kinafuka. Alimwambia, tena kwa upole kuliko mara ya kwanza, kwamba kuna mwingine.

Ilikuwa kweli. Jana yake alijifungua humo mke wa jirani, aliyerudi na mvua. Sikumpangia mimi. Alikuwa amesikia habari nzima akiwa bado delta, na alipofika alikuja moja kwa moja na mkeka wake na samli yake, akasema na yeye arobaini yake ataikalia hapa. Ofisa alinitazama mimi, akamtazama fundi, na fundi akajifanya anakagua gurudumu. Tulikunywa chai tena. Mara hii aliniomba nimwonyeshe foleni ya watoto, akasimama kando yao kwa muda mrefu, mikono nyuma, na sijui aliandika nini alipofika kwao.

Tangu wakati huo wanawake wamepangana wenyewe. Anayekaribia kumaliza hutafuta anayekaribia kuzaa, na hawaniulizi. Nimesikia kuwa vituo vingine viwili upande huu vimeanza kuuliza inafanyikaje. Uhamisho wangu bado unasemwa, na ukija nitaupinga, na nikishindwa nitaondoka, lakini friji haitaondoka na mimi. Juzi bosi alinipigia tena. Sauti yake ilikuwa imechoka, karibu ya kirafiki, akataka nimwambie tu, bila siasa, chumba kile kitakuwa wazi lini. Nikamwambia ukweli kwamba sijui, maana wanawake wa hapa bado wanazaa.